Barua ya wazi: Choo changu kimepimwa, maji ya saladi je?

Kwa wenye dhamana ya afya, maji, kilimo na masoko, Arusha.

Yah: kachumbari.

Waheshimiwa, shikamooni. Mlio wadogo kwangu, hamjambo.

Mimi ni mama lishe. Huu ni mwaka wa kumi na nne napika upande wa soko la Kilombero: wali maharage, ndizi nyama, makande siku za baridi, pilau Ijumaa. Sahani yoyote kati ya hizo ikitoka bila kachumbari, inarudi. Mteja wa Arusha atakusamehe kinyama kidogo, atakusamehe na wali ulioshika chini, ila kachumbari ikikosekana anauliza kama kuna msiba.

Kila baada ya miezi sita nabeba kikopo cha choo kwenda maabara, mimi na wasichana wangu wawili. Tunalipia, tunasubiri, tunagongewa mhuri, kadi naitundika ukutani. Utaratibu huo naukubali kwa moyo mmoja, maana mpishi mwenye vimelea vya taifodi anaweza kulaza mtaa mzima bila yeye mwenyewe kuumwa hata kichwa. Ila siku hizi nikikishika kile kikopo najiuliza: choo changu kinapimwa, na choo kilichopita juu ya jani la saladi kabla halijanifikia kinapimwa na nani?

Swali hilo lilinijia kwa njia mbaya. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza, nikaitwa kupika kwenye sherehe ya kipaimara, wageni kama 120. Mbuzi walichinjwa alfajiri nyuma ya nyumba, nikiwaona. Kulikuwa na pilau, kuku, ndizi, kachumbari mabeseni mawili, na sinia kubwa la saladi ya majani kwa sababu mama mwenye shughuli aliiona kwenye simu akaipenda. Shughuli ilifana. Jumatatu asubuhi simu zikaanza. Watu wanaharisha, wawili wametundikiwa dripu, na kila anayepiga ana neno moja: "Mama, nyama yako ililala."

Nilifungiwa siku tisa. Nikapimwa tena, wasichana wakapimwa, majibu yakatoka safi. Nikaulizwa nyama ilitoka wapi, nina friji au sina. Kachumbari hakuna aliyeiulizia, nami sikuitaja, nilikuwa naogopa. Nilipotulia nikaanza kupiga simu kwa mmoja mmoja, kutoa pole na kuchokonoa. Watoto wadogo, ambao kachumbari yangu hawaigusi kwa sababu ya pilipili, wazima. Babu mmoja asiye na meno, aliyekula ndizi na mchuzi tu, mzima. Mpiga picha na MC, ambao siku zote hula mwisho, walikuta mabeseni ya kachumbari matupu, wakajipakulia nyama kuliko mtu mwingine yeyote. Wazima, tena MC aliniuliza kama kuna iliyobaki.

Binti yangu anasomea maabara chuoni. Nilipomweleza hesabu yangu ya simu alicheka, akasema nimefanya kazi ya wataalamu bila mshahara wao. Akanisimulia ya Ujerumani mwaka 2011. Watu karibu 4,000 waliugua kwa bakteria mkali wa jamii ya E. coli, zaidi ya 50 wakafa, wengi figo zikiwa zimegoma. Mwanzoni yalisingiziwa matango ya Hispania, na wakulima wa kule wakamwaga mavuno yao yakiwa hayana hatia. Fumbo lilifunguka pale wachunguzi walipowauliza watu waliokula mgahawa mmoja, wagonjwa kwa wazima, kila mtu aliagiza nini, kisha wakamuuliza mpishi kila sahani aliiweka nini. Ikatokea ni machipukizi mabichi ya uwatu, yaliyotupiwa juu ya chakula kama urembo, kiasi kwamba wagonjwa wengi hawakukumbuka kama waliyala. Mbegu zenyewe zilitoka Misri.

Nikajiona mimi ni tango la Hispania.

Basi nikaifuata saladi hadi kwao. Dada anayeniuzia alinielekeza kwa mdogo wake mwenye bustani kando ya mto, huku chini mjini. Mahali sitapataja. Yule kijana hakosi peke yake na sitaki mapanga yamfuate kwa ajili ya barua yangu. Jioni anachota kwa keni kwenye mfereji unaotoka mtoni, anamwagilia juu ya majani. Alfajiri anakata, anasuuza kwenye mfereji huohuo udongo utoke, anafunga, bodaboda inaleta sokoni. Hatua chache juu ya anapochotea kuna bomba limechomoza kwenye ukuta wa nyumba. Sikuhitaji maabara kujua linamwaga nini, pua ilitosha. Na mvua kubwa ikipiga usiku, mnajua ninyi na najua mimi kwamba kuna wenye nyumba wanaofungulia mashimo ya vyoo yaondoke na maji.

Themi, Naura, Ngarenaro, Kijenge. Mito hii inashuka kutoka Meru, inakatiza katikati yetu, na kinachobaki kinaenda Kikuletwa hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna watu nao wanakunywa na kuvua. Ngarenaro kwa Kimaasai ni maji meusi. Jina walilitoa zamani sana, kabla sisi hatujahamia hapa na kufanya lieleweke vingine.

Safari haiishii mtoni. Nimeona kwa macho yangu karoti zikioshwa kwenye kijito kwa kukanyagwa na miguu ndani ya gunia, zinatoka zinang'aa kama dhahabu, na mteja anachagua zile zinazong'aa. Sokoni kuna ndoo ya kurashia mboga zisinyauke. Imejazwa alfajiri, na kufika saa nane mchana mikono iliyoingia humo haihesabiki. Mwisho wa safari niko mimi. Niseme kweli yangu: kwa miaka mingi niliosha sado nzima ya nyanya, matango na giligilani ndani ya beseni moja, maji yaleyale, kiasi kwamba nyanya ya mwisho ilitoka imebeba uchafu wa nyanya ya kwanza. Juu yake nakamua ndimu, natia chumvi, nikiamini nimemaliza. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha naye alifundishwa hivyo.

Ndimu inafurahisha ulimi, lakini si dawa ya kutegemea. Siki ina nguvu kidogo kwa baadhi ya bakteria, lakini mayai ya minyoo hayashtuki nayo. Hata klorini, ambayo kwa maji ya kunywa ni mkombozi, haiyawezi mayai ya askaris, ile minyoo mirefu ya watoto; hayo yanaondoka kwa kusugua na kwa maji yanayotiririka. Binti akaniongezea habari ya wajawazito: udongo wenye kinyesi cha paka hubeba kimelea cha toksoplazima, na kikiingia kwa mama kinaweza kumfikia mtoto tumboni. Nina wateja wajawazito. Udongo wanautafuna kwa hiari dukani, na mwingine nawapa mimi bila kujua.

Lakini kilichoninyima usingizi ni tegu, na hapa naomba mnisome taratibu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja anauza kiti moto, na biashara yake Jumamosi ni foleni. Sote tunajua, au tunadhani tunajua, kwamba ukila nguruwe asiyeiva unapata tegu. Ni kweli, lakini huo ni mwanzo tu. Tegu akikaa tumboni mwa mtu hutoa mayai, mayai hutoka na choo. Choo hicho kikiishia kichakani au kwenye mfereji, mayai yanakwenda kwenye mboga, kwenye maji, kwenye mikono. Nguruwe anayezurura akila choo hicho, nyama yake inapata malengelenge meupe kama punje za wali, na mzunguko unaanza upya. Binadamu akiyameza mayai yale yeye mwenyewe, kwa jani lisilooshwa au kwa mkono wa aliyetoka chooni, malengelenge yaleyale yanaota mwilini mwake, na yakienda kwenye ubongo huleta kifafa. Maana yake ni kwamba Hajati wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kuonja nguruwe na hataonja, anaweza kupata ugonjwa wa nguruwe kutoka kwenye kachumbari yangu. Shirika la Afya Duniani linasema katika maeneo mengi yenye kimelea hiki karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa kinawahusu. Na si habari za mbali: watafiti wamekuta hali hii kwa wagonjwa wa kifafa Mbulu, hapo tu jirani, mkoa wa Manyara. Mtaani kwetu mtoto akianguka, watu bado wanarudi nyuma wakiogopa povu lake, wanatafuta aliyemroga.

Bibi zetu hawakuwa na shida hii. Mnavu, mchicha, figiri, loshuu, majani ya kunde: vyote vilikwenda chunguni na kuchemka vya kutosha. Mbichi ilikuwa ya mbuzi. Ulaji wa majani mabichi umekuja na hoteli, na siku hizi umekuja na simu, juisi ya spinachi na tango ya kupunguza tumbo, kila kikundi kina daktari wake asiye na cheti. Siwapingi wanaopenda mboga. Shirika hilohilo la Afya linataka mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na wateja wangu wengi hawafiki nusu. Ninachosema ni kwamba jani bichi lina masharti kuliko lililopikwa, na masharti mengine hayako jikoni kwangu.

Mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2006 kuhusu maji machafu na kilimo una hesabu ambayo hata mimi wa darasa la saba niliielewa. Kuosha mboga vizuri kwa maji safi kunabakiza kijidudu kimoja kati ya kumi. Ukiosha na kuloweka kwenye dawa ya klorini, au ukimenya, kinabaki kimoja kati ya mia. Kupika kunashusha mara milioni na zaidi. Sasa pigeni hesabu: jani likiwa na vijidudu milioni, mimi na dawa yangu na ndoo yangu ya koki tunakuachia elfu kumi. Nimejitahidi, na bado unaweza kuharisha.

Nimebadilika hata hivyo. Beseni nimelistaafisha, nina ndoo mbili za koki. Nyanya za kachumbari nazichovya kwenye maji yanayotokota nusu dakika, namenya. Matango namenya, vitunguu namenya. Saladi ya majani nimeacha kabisa, anayeitaka nampa pole. Giligilani imenishinda, vijani vyake ni vidogo na vinalala udongoni, sasa naikaangia kwenye mchuzi na wateja wa zamani wananuna. Gesi imepanda, bei ya sahani haijapanda. Hayo ni ya kwangu. Yanayofuata ni yenu.

Pimeni maji. Pimeni pale mifereji ya bustani inapotokea mtoni, na mpime misimu yote, kiangazi mto ukiwa umepungua na masika uchafu ukiwa unasombwa. Majibu yaandikwe ubaoni sokoni, kwa Kiswahili, kwa namba, kama bei ya mafuta inavyoandikwa sheli. Sijawahi kuona ubao wa namna hiyo katika soko lolote ninalonunua, na nimenunua Kilombero, Mbauda na Tengeru. Arusha si wageni wa jambo hili. Meno yetu ya kahawia yalitufundisha kwamba maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakabeba floridi kutoka kwenye miamba ya mlima wetu, na kwamba kuchemsha hakuiondoi. Floridi ilipimwa, ikapewa namba, leo hata mwendesha kifodi anaijua. Naomba kinyesi nacho kipewe heshima hiyo.

Msidhani ni shida ya maskini. Mwaka 2018 Marekani watu 210 waliugua na 5 wakafa kwa saladi ya majani iliyolimwa eneo la Yuma, jimbo la Arizona. Bakteria aliyehusika alikutwa kwenye maji ya mfereji wa umwagiliaji. Nchi yenye maabara kila kona, na mfereji ukawashinda kwa sababu ulipimwa watu wakiwa wameshazikwa.

Na sisi wenyewe kupima tunajua. Maharage machanga yanayolimwa Arumeru kwenda Ulaya, mnunuzi hayapokei bila shamba kuwa na cheti, na cheti kinataka maji yawe yamepimwa. Yale maharage Mzungu anakwenda kuyachemsha! Saladi inayoliwa mbichi Sekei haina cheti wala swali. Kila Agosti tunalipa nauli kwenda viwanja vya Themi kwa Nane Nane, tunapiga picha na kabichi kubwa kama mtungi, tunarudi nyumbani kula kabichi nyingine.

Kuhusu dawa za wadudu nitapita haraka, ingawa nyanya zinakuja sokoni na unga mweupe unaoonekana bila miwani. Mamlaka ya viuatilifu makao yake yako Ngaramtoni, hapo tu. Kila chupa ya dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Bango moja kubwa la siku hizo pale Tengeru, Jumatano na Jumamosi, lingesomwa na watu wengi kuliko semina kumi za hotelini.

Sasa ninaloliogopa. Najua barua kama hii ikisomwa, mtu wa kwanza kufikiwa ni yule kijana wa bustani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mita 60 ndilo neno linalotamkwa haraka kuliko yote. Fyekeni bustani zake leo, kesho atakodi shamba kwenye mita ya 61 na kuvuta maji yaleyale kwa mpira. Nendeni kwanza kwenye lile bomba la ukutani. Mwenye nyumba ile ana anwani, ana namba ya hati, ana uwezo wa kulipa gari la kunyonya choo.

Kijana mwambieni apande nini. Kwenye maji ya mto alime mchicha, sukuma wiki, mnavu, figiri, vitu vinavyokwenda jikoni kupikwa. Saladi, giligilani na karoti za kutafuna ziende kwenye maji ya kisima au ya bomba, hata kama eneo litakuwa dogo. Aelekeze maji kwenye shina badala ya kunyeshea jani, na aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, kwa sababu jua na ukavu vinaua vijidudu bure. Haya yote yamo kwenye mwongozo ule wa 2006. Bwana shamba wa kata anaweza kuyafundisha akiwa amesimama, kwa nusu saa.

Sokoni tunahitaji bomba la kuoshea mboga, lenye maji yanayotoka, kabla hatujahitaji lango jipya. Ndoo za kurashia zibadilishwe maji mara nne kwa siku na mtu mwenye jina awajibike. Uwanja mkubwa wa Olmoti ni kwa ajili ya AFCON ya 2027, na wageni watakaokuja watakula kachumbari kama sisi. Sipendi kuwataja wageni, kwa kuwa inasikitisha kwamba choo hupakwa rangi wanapokuja wao, lakini kama hilo ndilo litakalowaamsha, basi liwaamshe.

Na mpishi akifungiwa siku nyingine, awe mimi au mwingine, tafadhali mkaguzi aje na chupa tatu: moja ya choo chake, moja ya maji aliyooshea, moja ya mboga mbichi iliyobaki. Amuulize kila sahani iliwekwa nini. Nilikuwa na majibu mdomoni siku zote tisa.

Niko tayari kuwaonyesha mfereji. Nitawapeleka hadi kwenye bomba lile, kisha kijana mtaongea naye kwa adabu, amekubali. Iwe kabla ya masika, alfajiri, saa kumi na mbili kasoro, muda anaosuuza. Vaeni mabuti. Tukirudi nitawapikia chai na chapati kwangu, na kachumbari nitaitengeneza mbele yenu. Mtachagua wenyewe niioshe kwa maji ya ndoo gani.

Mama lishe, Kilombero, Arusha
Kadi ya afya iko ukutani, haijaisha muda.